Fimbo ya Kumi na Tano

Hapo zamani, niseme hivyo ulimi wangu upate nguvu, maana zamani yenyewe ni Jumapili iliyopita, palikuwa na mcheza gofu aliyezunguka miaka kumi na minne bila kushinda hata mara moja. Mcheza gofu huyo ni mume wangu, Anaeli, mnamjua. Nasimulia haraka, dada zangu, msinikatize, anarudi saa kumi na mwanangu Ndeshi nimemlaza hapo nyuma, akilia nitasimama. Nikimaliza nataka jibu.

Miaka kumi na minne. Akacheza Ndola, akacheza Jinja, akacheza Nakuru, akarudi tena Ndola. Pengine alipita mchujo, pengine alifunga mfuko Ijumaa akapanda basi wakati wenzake wanabaki kucheza siku mbili za mwisho. Akawa wa kumi na tisa, akawa wa ishirini na sita, akawa wa arobaini. Si mbovu, si bingwa. Watu wa hapa mtaani wakimwona anashuka na mfuko humuuliza, Anaeli, umewaachia tena? Naye hujibu nawaonea huruma, wana watoto. Watu wanacheka. Lakini nikifua suruali zake nakuta vikaratasi, kila shimo aliloharibu ameliandika, na upepo ulitoka wapi.

Kila mwaka wachezaji thelathini wa juu wanabakia kwenye ziara ya mashindano, waliobaki wanatolewa. Mwaka huu mashindano ya mwisho yalikuja kwetu, kwenye kiwanja hiki hiki cha hapa mlimani alikojifunza. Jumamosi jioni mahesabu ya nafasi yakamweka wa ishirini na nane. Akicheza vizuri Jumapili anabaki. Akiharibu anatoka, na mtu wa miaka thelathini na nane akitoka, dada zangu, kurudi ni kwa kubahatisha.

Sasa watu ni wanne, shikeni hapo. Anaeli. Mimi. Mama mkwe wangu. Na Mbonea, anayembebea mfuko huu mwaka wa kumi na moja, anayempimia umbali, anayesoma mwinamo wa majani, anayemwambia nyamaza akianza kujilaani. Ananiita shemeji, nami namwita shemeji.

Jumapili asubuhi kulikuwa na manyunyu. Anaeli alitangulia kiwanjani kunyoosha mgongo, mfuko ukabaki nyumbani ukimsubiri Mbonea. Mama mkwe akaniita jikoni. Ameshika fimbo ya marehemu baba mkwe, ile fupi ya mti yenye kichwa cha shaba, ya kusukumia mpira shimoni. Marehemu alibeba mifuko ya watu kiwanjani hapo miaka thelathini, wakamuaga kwa kumpa fimbo hiyo. Hakucheza mashindano hata siku moja. Mama akasema:

"Aliwabebea watu mpaka bega likapinda. Mara hii moja, acha mfuko umbebe yeye."

Nikamwambia Mama, sheria ni fimbo kumi na nne, ikizidi moja anaadhibiwa, Anaeli alinieleza mwaka ule tuliooana. Akasema hizo kumi na nne ni za kupigia, hii inakwenda kulala tu, nani anahesabu aliyelala? Nikamwamini. Hapana, niseme kweli, nilitaka kumwamini. Nikaifunga kichwa kwa kipande cha kanga, ile niliyombebea Ndeshi alipozaliwa, nikaizamisha katikati ya zile ndefu mpaka haionekani, nikarudisha kifuniko cha mvua. Mbonea akaja, akanywa chai amesimama, akaubeba mfuko akaenda.

Hajapita muda Ndeshi akawaka homa. Mwili moto, macho yamegeuka. Mbonea ana desturi yake: kabla ya shimo la kwanza anazitoa fimbo zote, anazirudisha moja moja akihesabu kwa sauti. Alikuwa amefika tisa, simu yake ikalia. Ni mimi. Nikamwambia mtoto anaungua, nampeleka zahanati, usimwambie Anaeli, tafadhali shemeji usimwambie. Akaniuliza anapumua vizuri? Nikasema anapumua. Hapo jina la Anaeli likaitwa kuanza. Mbonea akazirudisha zilizobaki zote kwa mkupuo mmoja bila kuzitazama, na ile iliyofungwa kanga ikaingia nazo kati, akakimbia. Kila siku huhesabu. Siku hiyo hakuhesabu.

Shimo la kwanza, salama. Shimo la pili, salama. Wakipanda kwenda la tatu Mbonea akasikia mlio, kama kijiko cha mti ndani ya sufuria. Fimbo za siku hizi zote ni vyuma. Akaingiza mkono, akagusa kitambaa, akajua ni mkono wangu. Akaifungua kanga ile haraka, akaitia mfukoni mwa koti lake. Anaeli alipogeuka akaona fimbo ya baba yake, tupu.

Mbonea akamwambia kwa sauti ndogo kwamba hakuna aliyeona, na kichaka hicho hapo.

"Wewe umeona," Anaeli akamwambia. "Na mimi nimeona."

Akainua mkono akamwita mwamuzi mwenyewe. Akaongezewa mikwaju miwili kwa shimo la kwanza, mikwaju miwili kwa la pili. Minne. Anaeli akauliza swali moja tu, imefikaje humu? Mbonea akasema Mama alinipa, nikaitia, nikasahau kuitoa. Wakacheza mashimo kumi na sita yaliyobaki. Hesabu ilipofungwa, mikwaju miwili tu ndiyo iliyomtoa Anaeli kwenye thelathini. Akavua kofia, akampa Mbonea mkono, akamwambia tumeishia hapa.

Ndeshi aliumwa sikio tu, homa ilishuka jioni ile ile.

Ninyi mmesikia wanavyomcheka Mbonea dukani, miaka kumi na mmoja hajui kuhesabu mpaka kumi na tano. Na mimi nilikuwa hapo nanunua chumvi. Nikachukua chumvi nikaondoka.

Jana nilimpigia Mbonea. Nikamwambia nitasema. Akanikataza.

"Shemeji, mimi nitapata mfuko mwingine," akasema. "Wewe utapata nyumba nyingine wapi? Na kuhesabu ilikuwa kazi yangu, simu ilie, nyumba iungue." Halafu akaniambia kitambaa cha mtoto anacho, atakifua kwanza.

Nikamwendea Mama. Nilidhani atalia, hakulia. Akasema kama ni kosa ni lake, yeye ndiye aliyetoa fimbo, lakini haombi radhi, kwa sababu mashimo mawili mzee wake alicheza, na mashimo hayo mawili Anaeli hakupoteza hata mkwaju. Akaniambia pia ninyamaze. Mwanamume akipoteza mbeba mfuko anapata mwingine kesho.

Na Anaeli, jana akila, bila kuulizwa, akasema sheria haimjui mbeba mfuko. Mwenye mfuko ndiye anayetakiwa kujua kilichomo. Akasema angeingiza mkono mara moja tu asubuhi ile, angalau kutafuta glavu. Nikaona hapo ndipo pa kusema. Mdomo ukafunguka, nikamwongezea mboga.

Lipo jingine, nalo ndilo linaloninyima pumzi. Niliposikia ametolewa, kabla sijahuzunika, kitu fulani ndani yangu kiliketi kikapumzika. Nikafikiri, basi atabaki nyumbani. Sasa sijui. Nilipoizamisha fimbo ile, nikijua sheria, nilikuwa namwombea nini?

Karatasi ya mchujo wa Januari iko mezani kwangu. Ndiyo njia yake ya mwisho ya kurudi. Amejaza jina, umri, kiwanja. Pale pa jina la mbeba mfuko pako wazi. Amekwenda kumwona kijana mmoja wa kiwanja cha mjini, na akirudi atajaza, na saa kumi na moja karatasi inakwenda. Mbonea hatapata mfuko mwingine, nawaambia, habari ya kumi na tano imefika mpaka Nakuru.

Basi niambieni. Mama alitoa fimbo, na sheria niliyomwambia hakuijali. Mimi nilijua sheria nikaizamisha, tena nikapiga simu. Mbonea aliacha kuhesabu kwa ajili ya mtoto wangu, akabeba na lisilo lake. Anaeli mfuko ni wake, na angetupa fimbo ile kichakani leo tungekuwa tunasherehekea. Nikisema, namrudishia Mbonea mfuko na sijui nabaki na nini. Nisiposema, nabaki na mume aliyeachana na mtu mwaminifu kwa uongo uliofungwa kwa kanga ya mwanangu.

Sikilizeni. Hizo ni fimbo zinagongana, anapanda njia ya hapa, anaubeba mfuko mwenyewe, na katikati ya vyuma naisikia ile ya mti, hajaitoa. Semeni upesi kabla hajagusa mlango: katika hao wanne, je, nani alistahili kuupoteza mfuko?