Mkono wa Nanay Isidra

Hapo zamani, wala si zamani sana, tarehe kumi na nne Agosti, saa tisa alasiri, mke wangu Remedios alianguka uani kwetu Wundanyi akiwa anapepeta mchele. Kilikuwa kiharusi. Alipozinduka, Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Kiingereza, lugha tuliyochumbiana nayo, nacho kilikuwa kimemtoka. Kilibaki Kitagalog tu, lugha ya kwao Ufilipino.

Nilikaa kando ya kitanda chake, mimi mume wake, nisielewe hata neno moja.

Aliyeelewa ni dada yangu Wakesho. Wakesho alijifunza Kitagalog jikoni, kwa kupenda mwenyewe. Alikuwa akiinua kitu, na wifi yake akikitaja. Siku moja alikuja kunieleza, akiwa na furaha, kwamba Wazungu wana jina moja tu la mchele na wali, lakini Wafilipino ni kama sisi: mpunga ni palay, mchele ni bigas, wali ni kanin. Akasema watu wa namna hiyo hawawezi kuwa wageni. Majirani walimcheka. Walimwuliza Kitagalog hicho atasema na nani, au na mbuzi. Naye akawajibu, "Wifi yangu ana masikio mawili. Yananitosha."

Basi Remedios alipokaribia mwisho, alimshika Wakesho mkono akamwachia maneno. Kwa Kiswahili ni haya: "Mwambie Nanay, siku ile aliponinyima mkono aliniumiza. Mpaka leo inaniuma." Hakusema tena.

Nanay ni mama. Na habari ya mkono ni hii. Kwao, mtoto akimwamkia mkubwa, huinama, akaushika mkono wa yule mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Hiyo ndiyo shikamoo yao, na ndiyo baraka. Siku Remedios alipoondoka kuja kuolewa nami, aliinama kuomba mkono. Mama yake, Nanay Isidra, hakuitaka ndoa hii ya mbali. Akauweka mkono nyuma ya mgongo. Tangu siku hiyo wakizungumza kwa simu, walizungumza habari za mvua na za magonjwa tu.

Tulipokwisha mzika, Nanay aliomba kutuona kwa simu ya video. Hakujua lugha nyingine ila Kitagalog. Wakesho akasema atazungumza naye mwenyewe. Mimi nikaogopa. Kitagalog cha dada yangu kilikuwa cha chumvi na kuni, na neno lenyewe lilikuwa zito. Nikamwita Bwana Celso, Mfilipino, fundi wa mitambo ya maji kule Voi, anayetafsiri Kitagalog na Kiingereza bila kubabaika. Wakesho akamtamkia yale maneno kama alivyoyasikia. Celso akayarudia kwangu kwa Kiingereza, yakawa ni yale yale.

Nanay alipotokea kwenye simu, aliuliza jambo moja tu. Je, mwanangu alinisamehe?

Nilimwomba Celso amjibu kuwa ndiyo, maana mama ni mzee na moyo wake ni mgonjwa. Wakesho naye alimsihi aanze na mengine, jinsi wifi alivyokuwa akimtaja Nanay kila akionja mchuzi. Celso akatikisa kichwa. Akaniambia kwa upole, "Baba Mghoi, marehemu alisema neno lake. Siwezi kumtia jingine mdomoni."

Akalisema kama lilivyokuwa. Nanay akanyamaza. Tulimwona, uso hausogei, mpaka tukadhani simu imekwama.

Ndipo binti yetu Mghoi akaichukua simu. Mghoi anasomea ualimu, na Kitagalog alikikataa tangu utotoni. Alikuwa akisema hakina mtihani. Alijua kitu kimoja tu, kile ambacho mama yake alimlazimisha kukifanya kila jioni kabla ya kula. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kioo cha simu. Akasema, "Mano po, Lola." Yaani, Bibi, naomba mkono wako.

Nanay akauleta mkono. Kioo kizima kikawa mkono.

Alipomaliza kulia, alisema maneno ambayo Celso alitutafsiria: "Rozari aliyokuja nayo Remedios ilikuwa ya mama yangu. Mpeni yule aliyenirudishia mwanangu." Tukaagana. Tulipanga kumwuliza Jumapili ni nani hasa aliyemkusudia. Ijumaa tukapata habari kwamba Nanay amefariki.

Sasa rozari iko kwenye msumari sebuleni, na watu watatu huitazama kabla ya kunisalimia.

Wakesho anasema, "Kaka, bila mimi maneno yale yangezikwa naye. Mlinicheka, lakini mimi ndiye niliyemsikia."

Celso anasema, "Huku ugenini sina hata uzi wa nyumbani. Lakini siombi kwa ajili hiyo. Nanay asingeambiwa alichomnyima mwanawe, asingejua cha kutoa."

Mghoi anasema, "Ukweli ulifika, na Lola akanyamaza. Mimi niliinama, naye akanipa alichomnyima mama."

Wakesho akamtania kwamba anadai rozari nzima kwa salamu moja, wakati shangazi yake amejaza kichwa Kitagalog. Mghoi akamjibu, "Shangazi, ndiyo salamu aliyokuwa akiingoja."

Ndugu zangu wa jumuiya, rozari haikatwi vipande. Nimesali juu yake na bado sijui. Mmewasikia wote watatu, na mnawajua. Aliyemsikia, aliyesema kweli, na aliyeinama: je, nani alistahili?

Lakini kabla hamjanijibu, tusimame kidogo.

Ee Bwana, mpokee Remedios, mpokee na mama yake Isidra. Uwakutanishe kwako. Uwape raha isiyo na mwisho, na mkono wako usiwanyime. Amina.