Zawadi ya Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, alikuwako Sultani mmoja katika mji wa Shungi, jina lake Mwinyi Matano. Hakuwa mtu katili, la. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuyapenda mno maneno yake. Akisema jambo hulirudia kimoyomoyo, akatikisa kichwa kwa utamu wake. Basi ikawa hawezi kuvumilia mtu kuyagusa, akaweka sheria: "Neno langu likitoka limetimia. Atakayeliongeza, hata kwa neno dogo kama punje ya mtama, atahama mji huu."

Katika mji huo alikuwako fukara mmoja, Shaame, msuka makawa ya kufunikia vyakula. Makawa yake yalifunika sinia za watu wote, hata za Sultani mwenyewe, ila lile la nyumbani kwake lilikaa ukutani limetundikwa, maana hapakuwa na cha kufunika. Watu walimdhania punguani kwa sababu kila neno alilichukua kama lilivyosemwa. Jirani yake alipata kumwambia, "Niangalizie chungu changu jikoni," naye akakikodolea macho mpaka wali ukaungua. Alipogombezwa akajibu, "Nimekiangalia sana, wala hakikwenda popote."

Shaame alikuwa na mdogo wake, Mize, aliyeolewa na Vuai, mpiga mbiu wa Sultani. Hata siku moja Sultani akamwita Vuai, akamwambia, "Nenda katangaze: Ijumaa, baada ya sala, ni siku ya zawadi ya Sultani. Watu wote wafike uwanjani, na asiyefika atakiona cha mtema kuni."

Vuai akachukua pembe yake, akazunguka mitaani, akalitoa neno lile bila kulitia doa. Alipofika chini ya roshani ya Sultani, kikongwe mmoja, Bi Mosi, akamshika kanzu. "Mwanangu, hebu nieleze. Hiyo zawadi ya Sultani, anatupa au tunampa?"

Vuai akamwonea huruma, akajibu, "Ni zawadi ya kumpa Sultani, bibi."

Kumbe Sultani yuko roshanini anakula halua! Halua ikamkwama kooni. "Kumpa? Mimi nilisema kumpa? Neno langu lilikuwa na pengo hata akalizibe mpiga mbiu?" Papo hapo akahukumu kwamba Ijumaa, watu wakishatawanyika uwanjani, Vuai na nyumba yake watoke Shungi, wasirudi.

Mize akaja kwa kaka yake analia hata hawezi kusema. "Kaka, mimba yangu imefika mwezi wa kuzaa. Nitajifungulia njiani mimi, kwa ajili ya neno?"

Shaame akauweka chini ukili aliokuwa akisuka. Moyo ulimwuma, maana Mize ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Akauliza, "Sultani alisemaje hasa?"

"Zawadi ya Sultani."

"Na Vuai?"

"Zawadi ya kumpa Sultani."

Shaame akayarudia maneno yale mawili, mara akaanza kucheka, akacheka hata machozi yakamtoka. Mize akamtupia ukili usoni. "Unacheka nini nawe, kaka? Mwenzio nafukuzwa!"

"Futa machozi, mdogo wangu. Mumeo haendi popote."

Basi Shaame akajitwika makawa yake, akapita nyumba kwa nyumba kama mtu atafutaye wanunuzi. Kila aliyemwuliza habari ya Ijumaa alimjibu hivi: "Mimi siongezi neno. Ninalojua ni kwamba Vuai alisema zawadi ni ya kumpa Sultani, na kwa kusema hivyo anafukuzwa mji." Kisha huyo, akaenda zake. Watu wakabaki wakitazamana. Kama aliyesema tunampa ameadhibiwa, basi bila shaka Sultani ndiye anayetupa! Habari ikaenea, na waliokuwa wamekwisha kamata kuku wakawafungulia, wakaanza kutafuta vikapu.

Ijumaa ikafika. Sultani akatoka kwa ngoma na zumari, akaketi kitini pake, akanyoosha shingo atazame mbuzi, asali na vitambaa vya hariri. Hakuona hata yai. Aliona vikapu vitupu, makapu, magunia na mitungi, na Bi Mosi mbele ya wote, ameshika beseni kubwa kuliko yeye mwenyewe. Pembeni alisimama Vuai na mzigo wake kichwani, na Mize kando yake ameshika kiuno.

"Ziko wapi zawadi?" akanguruma Sultani.

Shaame akajitokeza, huku akijua fika kwamba akikosea, wataondoka mjini watatu badala ya wawili. Akainama, akasema, "Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Nasi tunauliza hilohilo."

"Je, sikusema zawadi ya Sultani?"

"Ulisema, Bwana wangu. Farasi wa Sultani ni wa nani? Ni wako. Fimbo ya Sultani? Ni yako. Na zawadi ya Sultani ni yako vilevile, nasi tumekuja na vyombo utugawie."

Sultani akasimama, kilemba kikamwendea upande. "Mpumbavu wee! Zawadi ya Sultani ni zawadi ya kumpa Sultani!"

Watu wote wakavuta pumzi. Waziri akafumba macho. Shaame akavua kofia, akasema kwa upole, "Bwana wangu, maneno hayo tuliyasikia kwa mtu mwingine, naye ndiye yule pale mwenye mzigo kichwani. Sasa sisi raia tumepotea. Ikiwa neno hilo ni nyongeza, sheria inataka aliyeongeza ahame, nasi tuko tayari kukusaidia kufunga mizigo. Na ikiwa si nyongeza, basi Vuai ana kosa gani?"

Sultani akamtazama Vuai, akamtazama Mize na tumbo lake, na kwa mara ya kwanza maneno yake mwenyewe yakamtia haya. Kisha bega likamcheza, na la pili, akaangua kicheko hata kilemba kikaanguka. "Tua mzigo, Vuai! Tangu leo, mtu asipoelewa neno langu, mweleze. Na vikapu hivi visirudi vitupu. Fungueni ghala! Mwaka huu zawadi itoke kwa Sultani, na mwakani iwe ya kumpa Sultani."

"Mwakani tutauliza tena," akasema Bi Mosi, akasogeza beseni lake.

Sultani akamgeukia Shaame. "Nawe nikutunze nini?"

Shaame tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Akajibu pasipo kufikiri, "Chakula cha mbuzi kitanitosha, Bwana wangu."

Macho ya Sultani yakang'aa. Akamnong'oneza mpishi, na punde ikaletwa sinia iliyofunikwa kwa kawa ambalo Shaame alilisuka kwa mikono yake. Akalifunua kwa pupa, akakuta majani mabichi, yana umande bado.

"Chakula cha mbuzi," akasema Sultani, "kama ulivyotamka. Mimi siongezi neno."

"Ongeza, Bwana wangu!" akalia Shaame. "Ongeza tu, hata maneno kumi!"

Uwanja mzima ukacheka, na Sultani akaongeza nyama, akaongeza na pilau. Mize alijifungua chini ya paa lake mwenyewe, na Vuai akarudia pembe yake. Ama Shaame, jioni ya Ijumaa ile alilitungua kawa lake ukutani, akalipangusa vumbi, akafunika sinia. Halafu akalifunua tena, ahakikishe kama pilau bado ipo.