Banda la Kobe na Cherehani Moja

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi ambayo baadhi yenu mlikuwa mnatambaa, palikuwa na mzee mmoja akiitwa Semkiwa, mkaazi wa Kwambago. Kwambago ni kijiji kilicho chini ya milima, mahali ambapo upepo ukifika umeshapita kwa wengine wote na umechoka. Msiniulize nimeyajuaje haya. Nimeyajua.

Semkiwa alikuwa fundi wa kuezeka bati. Alikuwa na wake watatu, ua mmoja, na milango mitatu iliyotazama uani. Na alikuwa na kobe.

Kobe mwenyewe mkubwa kama beseni la kufulia, jina lake Mwinyi. Aliachwa na mama yake Semkiwa. Yule mama siku anakata roho hakuuliza habari za mkaza mwana wala za mjukuu. Alimshika mwanawe mkono, akasema, "Mwinyi asife mikononi mwako." Basi. Akafa yeye.

Enzi za mama, Mwinyi alilala kwenye kibanda cha makuti kilichoinama upande. Semkiwa akaona aibu. Fundi bati mzima, kobe wa mama yake alale makutini? Akakivunja. Akamjengea palepale banda la kisasa: ukuta wa matofali, paa la bati, mlango wa bati, hata kidirisha akakiziba kwa bati. Watu wakaja kutazama. Linang'aa mpaka kunguru wanalikwepa.

Halafu kaskazi ikaingia.

Jamani, lile banda likawa chungu cha kukaangia karanga. Siku ya tatu Mwinyi akaanza kuzunguka mle ndani mbio mbio, mdomo unatoa povu. Na mkimwona kobe anakwenda mbio, jueni mambo yameharibika.

Semkiwa akamwita bwana mifugo. Bwana mifugo akaja na baiskeli yake, akachungulia, akajifuta jasho, akasema, "Mnunulie feni."

"Feni?" akasema Semkiwa. "Nyumba yenyewe haina umeme."

"Basi tafuta namna. Asubuhi muache aote jua, kobe hawezi bila jua. Lakini adhuhuri awe na pa kukimbilia penye ubaridi. La sivyo, mvua ya kwanza hataiona."

Semkiwa hakuwa na hela ya feni, na hata kama angekuwa nayo angeuweka wapi uso wake, kununulia kobe feni na wake wanajipepea kwa ungo? Akawaza. Akakumbuka kwamba chumbani anayo cherehani. Cherehani ya miguu, nzima, ina meza yake na droo yake. Alipewa na mwenye duka mmoja wa mjini kuwa ujira wa kumwezekea ghala.

Akawaita wake zake uani, akasema, "Mnaiona cherehani hii? Atakayemponya Mwinyi na joto mpaka mvua ya kwanza idondoke, ni yake. Mvua ikidondoka, cherehani inaingia mlango wake."

Nyie mnaosikiliza mtasema, cherehani tu? Ngojeni niwaambie. Kwambago nzima haikuwa na cherehani. Idi ilikuwa mbele. Atakayekuwa na cherehani, wanawake wote wa kijiji watakwenda kukaa barazani kwake kungoja nguo zao, na mwanamke akikaa kungoja nguo husema. Atasema ya kwake, atasema ya jirani, atasema na yale aliyoapa hatayasema. Kwa hiyo msiione ni cherehani. Ule ulikuwa ufalme.

Zamu katika nyumba ile ilikuwa siku mbili mbili. Mwenye zamu anapika, anamhudumia bwana, na sasa anahudumia na banda.

Akaanza mke mkubwa, Bi Mwanamkuu. Huyu ana miaka ishirini na sita kwenye ndoa, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Akapanda juu ya paa la jiko lake mwenyewe, lile alilolijenga kwa mikono yake, akashusha makuti yote. Akapanga miti juu ya paa la banda, akayalaza makuti juu ya miti, si juu ya bati lenyewe, ili upepo upite katikati. Kuanzia siku hiyo akawa anapika juani, sufuria motoni, beseni kichwani. Mwinyi akasogea kivulini, akapunguza mbio. Semkiwa akachungulia, akasema, "Hapa nimeoa."

Ikafika zamu ya mke wa kati, Saumu. Huyu ni hodari wa kazi, lakini kila kazi anaifanya huku anaitangaza. Akaung'oa mlango wa bati, akaweka magogo mawili ili Mwinyi asitoke. Akachukua magunia ya mkonge, akayaunga kwa sindano ya mkono, akayatundika mlangoni upande unakotoka upepo, akayamwagia maji. Upepo ukipita kwenye gunia bichi unaingia ndani umepoa. Lakini gunia linakauka! Kwa hiyo ndoo asubuhi, ndoo adhuhuri, ndoo alasiri. Kisima kiko mbali, akawa anatumia maji mara mbili: aliyooshea mchele, aliyofulia, mpaka aliyoogeshea watoto. Mwinyi akaanza kunukia sabuni. Povu la mdomoni likaisha. Semkiwa akachungulia, akasema, "Hapa nimeoa."

Ikafika zamu ya mke mdogo, Tunu. Siku ya kwanza Tunu alipaka hina. Siku ya pili aliingia bandani adhuhuri na upawa, akakaa mle muda mrefu, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Semkiwa akachungulia, akaona giza tu. Akasema, "Haya."

Zikaenda zamu, zikarudi zamu. Kila mke katika siku zake anaangalia cha kwake, cha mwenzake hakigusi. Makuti yakiteleza siku ya Saumu, Saumu anasema, "Mwenyewe yupo." Gunia likikauka siku ya Mwanamkuu, Mwanamkuu anatazama pembeni. Tunu yeye hakuwa na kinachoteleza wala kinachokauka.

Sasa sikilizeni pale mambo yalipoharibika. Semkiwa akaletewa habari ya msiba mlimani. Akaondoka asubuhi ile ambayo zamu ya Saumu inaisha na ya Tunu inaanza. Akakaa huko siku mbili.

Saumu akasema, "Mimi zangu zimeisha alfajiri. Nimeshaweka ndoo chini."

Tunu akasema, "Zamu inaanzaje na mume hayupo? Nimpikie nani, kobe? Zamu yangu itaanza akirudi."

Wakamtazama Mwanamkuu. Mwanamkuu akasema, "Mimi siku za watu siziingilii. Kesho mtaniambia nimewaibia."

Basi siku mbili nzima Mwinyi hakuwa na mke. Jua lile sijui niwaelezeje. Kuku walitembea kwa vidole. Magunia yakakauka yakawa kama ngozi ya ngoma. Wanawake watatu wamekaa milangoni mitatu, kila mmoja anayaona, na hakuna aliyenyanyua ndoo.

Siku ya tatu adhuhuri Semkiwa akarudi. Hata kofia hajavua, akaenda bandani, akainua gunia. Akatazama huku, hakuna kobe. Akatazama kule, hakuna kobe.

"Mwinyi wangu yuko wapi? Wanawake! Mwinyi wa mama yangu!"

Wakaja wote mbio, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Semkiwa akapiga magoti, akapapasa gizani mpaka kwenye pembe kando ya mlango. Mkono ukazama. Kumbe pana shimo, na ndani ya shimo pana gamba. Akamtoa Mwinyi kwa mikono miwili, akamweka chini, akalia kama mtoto. "Nitawaambia nini dada zangu, na mama aliniachia mimi?"

Mwanamkuu akachuma tembele, akaliweka mbele ya lile gamba. Wakangoja. Kikatoka kichwa. Likafunguka jicho moja. Mwinyi akalitazama tembele, akamtazama Semkiwa kwa dharau, akala.

Vigelegele! Lakini vigelegele havijaisha Saumu kashaanza: "Bwana, cherehani."

Semkiwa akaitoa cherehani, akaiweka katikati ya ua, akaketi. "Haya. Mmoja mmoja."

Saumu akasema, "Bwana, tia mkono kwenye lile shimo. Umetia? Bichi au kavu?"

"Bichi."

"Ubichi huo umetoka wapi? Magunia yangu yalichuruzika mwezi mzima, maji yote yakaingia pale. Ndoo tatu kwa siku! Shingo yangu imezama mabegani, tazama. Angekaa kwenye shimo kavu ungetoa kobe wa kuchoma. Anayemponya kobe ni maji, na maji ni mimi."

Tunu akacheka. "Dada Saumu, maji uliyamwaga chini, yakaanguka wapi? Kwenye shimo. Shimo nani kachimba? Makuti yalikuwepo, magunia yalikuwepo, na Mwinyi hakukaa chini ya makuti wala nyuma ya gunia. Kaingia shimoni. Kobe mwenyewe ameshahukumu. Mimi nilikaa nikafikiri: huyu mnyama kwao porini analala wapi? Ardhini. Nikamchimbia."

"Ulimchimbia!" Hiyo sauti ilitoka juu ya uzio wa ua. Alikuwa Bi Siwatu, jirani, amesimama juu ya kinu ili aone vizuri. "Mwongo wewe! Siku tatu kabla ulikuja kuniuliza marehemu mkwe wako alikuwa akificha wapi bangili zake za fedha. Nikakwambia watu husema alizifukia karibu na kobe. Kesho yake nikakuona unaingia na upawa!"

Semkiwa akamgeukia mkewe. "Tunu. Ulikuwa unatafuta bangili za mama?"

Tunu akainamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua. "Nilikuwa natafuta. Nimepata kitufe kimoja na jino la mtu. Lakini bwana, wewe ulisema atakayemponya. Hukusema atakayemponya kwa nia njema. Na tukianza kuulizana nia, nani alilijenga hili tanuru? Ungemwachia Mwinyi banda la mama, tusingekuwa hapa."

Kina mama waliokuwa wamekwishajaa nje ya ua wakasema, "Eee!" Na Semkiwa akajikuna sehemu ambayo haikuwa inawasha.

"Mwanamkuu," akasema, "wewe huna la kusema?"

Mwanamkuu akafunga upya kanga yake. "Nina dogo. Kwa siku hizo mbili tulizomwacha, na mimi nimo, maji yalikauka, mikono ililala. Kilichokuwa kinafanya kazi ni makuti yangu peke yake. Bila kivuli, shimo ni chungu na bati ni kifuniko. Nimevua jiko langu nikamvisha kobe wako. Mwezi mzima napika juani, hukuniuliza hata kwa nini uso wangu umeungua. Nina miaka ishirini na sita katika nyumba hii, na sina kitu ambacho nikisema ni changu hapatakuwa na mtu wa kukohoa."

Pale hata Bi Siwatu alishuka kwenye kinu.

Semkiwa akaona amenasa. Akatabasamu kama mtu aliyepata akili. "Basi wake zangu, mnaonaje mkaitumia kwa zamu? Siku mbili mbili..."

"ZAMU TENA?" wakasema wote watatu kwa mdomo mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu waolewe.

Ikawa hivyo. Cherehani ikabaki katikati ya ua. Hakuna aliyepika, kwa sababu hakuna aliyesema ni zamu yake. Semkiwa akala muhogo mbichi Jumatatu, akala muhogo mbichi Jumanne. Magunia lakini yalikuwa mabichi kila saa, maana sasa wote watatu walimwagia, kila mmoja akisema ya mwenzake hayatoshi. Mwinyi akapata mafua.

Jumatano alasiri likasimama wingu juu ya mlima. Wanawake wakatoka milangoni. Likaanguka tone moja, likagonga bati la banda, ta! Likaanguka la pili, juu ya meza ya cherehani.

Cherehani ni chuma, jamani. Wakaruka wote. Mwanamkuu kashika upande huu, Saumu kashika upande ule, Tunu kaikumbatia kwa mbele. Nzito ile, mmoja haiwezi, wawili hawaiwezi. Wakainyanyua, mvua ikafunguka, wakapiga hatua moja, wakasimama. Milango mitatu iko wazi. Kila mmoja anavuta kwake.

"Bwana, sema!"

"Bwana, inalowa!"

"Bwana, itashika kutu!"

Na Semkiwa yuko chini ya makuti ya banda, kobe kifuani, maji yanamtiririka puani, anafungua mdomo na anaufumba. Mwinyi katoa kichwa, anaitazama mvua yake ya kwanza.

Mimi nimefika hapo, na wao bado wamesimama kwenye mvua. Yuko aliyetoa jiko lake. Yuko aliyetoa shingo yake. Yuko aliyetafuta bangili akaokoa roho. Na siku zile mbili, wote watatu walikaa wakatazama.

Haya, semeni upesi, maana chuma hakingoji: cherehani ipite mlango wa nani?