Nyota ya Mama Gwakisa

Panya hana kalenda. Leo asubuhi mmemsikia mama yake mwenzenu Lusajo akiwaambia hivyo, mkacheka, kisha mkanijia mbio kuniuliza ametoa wapi maneno hayo. Haya, kaeni. Methali hii chanzo chake kipo hapa hapa usharikani kwetu, na anayetaka kunikatiza aondoke sasa.

Mnajua desturi yetu. Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kuingoja Krismasi, lazima nyota kubwa ya karatasi iwe inaning'inia juu ya madhabahu. Enzi hizo wanawake waliitengeneza kwa mikono yao, kwa karatasi ngumu, vijiti vya mianzi na gundi ya uji wa muhogo. Na kila mwaka waliianza Jumamosi, siku moja kabla. Ukiwauliza mbona mnachelewa, watakujibu, "Kwani Krismasi imefika?"

Sasa palikuwa na mama mmoja, Tusekile, aliyeitwa Mama Gwakisa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kazi ya nyota alifundishwa na marehemu mama yake, na uzembe wa wenzake ulimchoma moyo. Mwaka mmoja gundi haikuwahi kukauka. Katikati ya ibada ncha moja ikadondoka, ikafuata ya pili, ya tatu ikamtua mchungaji begani. Watoto walicheka mpaka wakatolewa nje. Baada ya ibada mzee wa kanisa, Ambakisye, akasema mbele ya watu wote, "Mwakani ikitokea tena aibu hii, tunanunua nyota ya plastiki mjini. Habari ya karatasi na uji iishe."

Mama Gwakisa alirudi nyumbani hakula. Plastiki! Juu ya madhabahu aliyoipamba mama yake miaka thelathini! Thubutu.

Basi mwezi wa sita, baridi kali, ukungu haujaondoka mlimani, yeye yuko barazani anakunja karatasi. Majirani wakipita na majembe wanamcheka. Yeye anawajibu bila kuinua macho, "Chekeni tu. Nyie ni watu wa Jumamosi." Mwezi wa saba nyota ilikamilika, ncha ishirini, imenyooka, kila ncha imekazwa kwa gundi nzito. Akaiweka ndani ya kapu la mianzi lenye kifuniko, akalipandisha darini juu ya jiko, kando ya mahindi. Hapo hakukosea. Kwa mvua za kwetu, karatasi ukiiweka chumbani inaota ukungu, ila pale moshi unaikausha. Kosa lake lilikuja baadaye.

Kosa lenyewe ni kwamba hakulifungua tena lile kapu. Mwezi wa nane hakulifungua, wa tisa hakulifungua, wa kumi ndiyo kabisa. Mkwewe Atuganile, mke wa Gwakisa, ndiye aliyepanda darini kila siku kuteremsha mahindi. Siku moja ya mwezi huo wa kumi akasema kwa adabu, "Mama, mahindi yanakwisha huku juu. Tuitazame nyota?"

"Uitazame ina nini? Ukifungua vumbi linaingia. Kazi imekwisha, mwanangu, imekwisha tangu Julai!"

Atuganile akateremka na mahindi yake. Mkwe atasema nini tena? Naye Mama Gwakisa kila Jumapili akitoka ibadani husimama mlangoni na kuwauliza wenzake, "Enhe, watu wa Jumamosi, mmeanza?" Wanawake walichoka. Wengine walianza kutokea mlango wa pembeni ili wasikutane naye.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Wanawake wamekusanyika kanisani kufagia, na Mzee Ambakisye amesimama pale na ngazi yake. Mama Gwakisa akaingia amejitwisha kapu, kanga mpya kiunoni. Akalitua mbele ya madhabahu. "Njooni mwone kazi ya mtu anayewahi."

Akafunua.

Panya mkubwa alimrukia kifuani, akapita begani, akatokomea chini ya mabenchi. Ndani ya kapu hapakuwa na nyota. Palikuwa na karatasi zilizochanwa vipande vipande, vijiti vilivyotafunwa palipopakwa gundi, na katikati ya vipande vile, vitoto sita vya panya, vyekundu, vimelala starehe.

"Mama wee!" alilia Mama Gwakisa. "Nyota yangu! Miezi mitano imekaa salama! Mshenzi huyu alishindwa nini kungoja siku moja tu ipite?"

Bibi Subilaga, mkongwe kuliko wote, alikuwa ameketi benchi la mbele na ufagio mapajani. Akasema, "Angojee nini? Alipokuwa na mahindi alikula mahindi. Yalipokwisha akala muhogo wako. Wewe ndiye unayehesabu miezi, Mama Gwakisa. Panya hana kalenda."

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata Atuganile, aliyekuwa amejikaza tangu mwezi wa kumi, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Mzee Ambakisye hakucheka. Alianza kukunja ngazi yake. "Basi. Jumatatu naenda mjini kuleta ya plastiki."

Mama Gwakisa alimtazama, akaitazama misumari aliyoipigilia mama yake darini mwa kanisa, ya kuning'inizia nyota. Aligeuka kuwaelekea wale wanawake aliowadhihaki miezi mitano. "Jamani. Nyie mnajua kuifanya kwa siku moja. Mimi sijui. Nisaidieni."

Walitazamana. Kisha Bibi Subilaga akasema, "Ambakisye, acha hiyo ngazi. Atuganile, bandika uji."

Walikunja, wakakata, wakapepea gundi kwa kanga zao mpaka mikono ikauma, huku wakimwuliza, "Enhe, Mama Gwakisa, umeanza?" Naye alikubali kutaniwa. Safari hii yeye ndiye aliyepima uzito wa uji, maana hilo alilijua kuwashinda wote. Jumapili nyota ilining'inia. Ilikuwa imepinda upande mmoja, lakini wimbo wa pili ukapita, wa tatu ukapita, na mchungaji akatoka mabega matupu.

Tangu mwaka ule Mama Gwakisa aliendelea kuanza mwezi wa sita. Lakini kila Jumamosi alipanda darini mwenyewe, kwa miguu yake mibovu, akafunua kapu akatazama.

Haya. Mmeniambia mapambo yenu ya Krismasi yako tayari tangu Agosti, yamo kwenye boksi stoo, na hakuna aliyelifungua mpaka leo. Mnakaa kunitumbulia macho ya nini? Inukeni mkalifungue hilo boksi. Panya hana kalenda.