Maji ya Nguruwe Kikaangoni

“Maji ya tambi hayamwagwi mchuzi haujaiva.” Jirani yetu Mama Benigna amewaambia eti methali hii ilitokana na mpishi aliyemmwagia mzungu maji ya moto miguuni. Wadogo zangu, hakuna aliyemwagiwa. Sufuria ilikuwa mikononi mwangu mimi. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa kwenye wiki ya majaribio, jikoni mwa nyumba ya wageni ya masista, kule juu Njombe. Siku ya mwisho mpishi mkuu, Mama Skolastika, akaniambia, “Chakula cha leo kikienda vizuri, unabaki. Kikiharibika, rudi kwenu ukalime viazi.”

Wageni walikuwa njiani. Tukapika haraka, kama alivyotufundisha sista wa Kiitalia: nyama ya nguruwe ya kusaga, kitunguu saumu na nyanya katika kikaango kimoja kipana, tambi zikichemka pembeni. Zilipoiva nikazichuja, maji nikayakinga kwenye sufuria. Kwetu maji yaliyopikiwa chakula ni ya kunywesha nguruwe.

“Mwaga huko, yanatujazia jiko!” akafoka Mama Skolastika.

“Nitawapelekea nguruwe baadaye, mama.”

“Mbishi huyu! Kama mbuzi!”

Mara honi ikalia getini. Mama Skolastika akaongeza kuni ili tuwahi. Moto ukapanda, mchuzi ukakauka, ukaanza kushika chini. Akafungua bomba. Likakohoa upepo, basi.

“Maji yamekatika! Tumekwisha.”

Nikachota kikombe cha maji ya tambi.

“Wewe! Utawalisha wageni maji ya nguruwe?”

“Nguruwe mwenyewe yumo kikaangoni, mama. Hatalalamika.”

Akacheka bila kupenda. Nikamimina kidogo kidogo, nikikwangua chini kwa mwiko. Mchuzi ukalegea, ukawa mzito, ukang’aa. Nikatia tambi, nao ukazishika zote. Mama Skolastika akaonja. Akaonja tena. Kule mezani wageni wakaomba waongezewe.

Alasiri nikavua aproni, nikainua ile sufuria niipeleke bandani kama nilivyosema. Mama Skolastika alikuwa ameshabandika kikaango kingine, cha chakula cha jioni, anakata vitunguu.

“Mama,” nikamwuliza, “kesho nije?”

Aliweka kisu chini, akanipokonya sufuria, akaitua kando ya jiko.

“Maji ya tambi,” akasema, “hayamwagwi mchuzi haujaiva.”