Mlango wa Ukumbi wa Kwemsala

"Mlango wa jana haumtoi mgeni wa leo." Mmemsikia mwalimu wenu wa ufundi akimwambia hivyo mwenzenu aliyekataa kurudi kozini, mkacheka, mkadhani kaitunga papo hapo. Hakuitunga. Kaeni, kuleni mihogo yenu taratibu, niwaambie ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Kwemsala palikuwa na mkaguzi wa majengo wa halmashauri, jina lake Shemweta. Kabla ya kupewa ukaguzi alikuwa fundi mwashi, na kazi ya mkono wake ilijulikana. Akipita mbele ya ukuta uliopinda alisimama akausikitikia, kama mtu aliyemwona mtoto wa watu akichechemea. Hakuwa mla rushwa wala mkali wa bure. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kwamba amekwisha kujifunza. Kila mwaka halmashauri ilipowaita wakaguzi mjini kujinoa upya katika kanuni za ujenzi, Shemweta alikwenda kwa ajili ya sambusa na chai ya maziwa, kisha akajikalia nyuma kabisa na kusinzia. "Ukuta ni ukuta tangu enzi za babu Adamu," alikuwa akisema.

Fahari yake ilikuwa ukumbi wa Kwemsala. Aliusimamia tangu msingi hadi bati la mwisho, na mlango wake wa mbao za mninga aliuchagua yeye mwenyewe. Mlango huo ulifungukia ndani. Sasa lazima mjue desturi yetu ya siku zile: mwenye nyumba alimvutia mgeni mlango, akarudi nyuma kidogo, ndipo akasema karibu. Mlango wa kufungukia nje ulihesabiwa matusi, maana ni sawa na kumsukuma mgeni kifuani. Katika vyumba vyetu vya watu watano sita, desturi hiyo haikumdhuru mtu. Lakini ukumbini walikuwa wakiingia watu mia tatu.

Basi mwaka mmoja, Shemweta alipofika mafunzoni, alikuta mwalimu ni binti, Mhandisi Tunu. Wala hakuanza na kitabu. Aliwasimamisha wakaguzi wote, akaufunga mlango wa darasa, akasema, "Nikipiga makofi, kila mtu atoke mbio. Chukulieni nyumba inaungua."

Akapiga makofi. Shemweta, kwa kuwa alikaa nyuma karibu na mlango, alifika wa kwanza. Akashika kitasa, akavuta, mlango haukuja. Wenzake walikuwa wamekwisha kujazana mgongoni mwake, na kadiri walivyosukumana ndivyo tumbo lake lilivyozidi kuubana mlango. "Rudini nyuma!" alipiga kelele. Nani amsikie? Waliokuwa nyuma walikuwa wakicheka na kusukuma. Mwalimu alipowatuliza, kila mtu alikuwa na la kusimulia, isipokuwa Shemweta. Yeye alikuwa akiuona ukumbi wa Kwemsala, umejaa, na mlango wake umebanwa vile vile.

"Umeumia, mzee wangu?" Tunu alimwuliza.

"Hapana, mwanangu. Wewe endelea kufundisha."

Siku zilizobaki hakusinzia hata kidogo. Akaisikia kanuni mpya: jengo la mkusanyiko lazima milango yake ifungukie nje, na lisilotimiza lifungwe mpaka lirekebishwe.

Hapo ndipo mfupa ulipomkwama kooni. Jumamosi iliyokuwa ikija, binti yake wa pekee, Sikudhani, alikuwa aolewe katika ukumbi huo huo. Kadi zilikwisha gawiwa na wageni walikwisha anza safari. Njiani kurudi alijibembeleza: nani atajua? Mkaguzi si mimi mwenyewe? Harusi ipite, Jumatatu nitafunga. Kisha akakumbuka kwamba watakaojaa mle ni watu wake, na aibu ikamshika.

Nyumbani alimkuta mkewe anapepeta mchele, na Mzee Mbelwa, baba mkubwa wa bwana harusi, amekuja kupanga mambo ya wageni.

"Nimeufunga ukumbi," Shemweta alisema hata kabla ya kuketi.

Mkewe aliuweka ungo chini. "Ukumbi upi, Baba Sikudhani?"

"Wetu. Mlango unafungukia ndani. Nitaufungua ukumbi mlango ukigeuzwa."

"Mlango uliouchagua mwenyewe?"

"Huo huo."

Mzee Mbelwa aliinuka na bakora yake. "Mkwe, watu wangu wanatoka mbali. Wafike hapa wapokewe na mlango wa kuwapiga vifua? Kama hututaki, si useme?"

Maneno hayo yalimchoma Shemweta. Alimpenda mzee yule, na alimpenda kijana wake kama mwanawe.

"Mzee wangu, mlango ule niliutazama kwa macho ya anayeingia. Anayetoka sikumfikiria. Nilikosea. Nikiwafungia wengine halafu nikauacha huu kwa kuwa harusi ni yangu, hata wewe hutaniheshimu tena."

Aliyekuja kuukata mzizi wa fitina ni Mama Sikudhani. "Kwani sisi wenyeji tukisimama nje," alisema polepole, "tukauvuta mlango kwetu, mgeni atapigwa na nini? Si tutakuwa tumetoka kumlaki?"

Mzee Mbelwa alifikiri, akaketi. "Kulakiwa nje," alisema, na uso ukaanza kukunjuka. "Hiyo ni heshima ya machifu."

Seremala akaitwa, akahamisha bawaba na kuichonga fremu upya. Ijumaa Shemweta aliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukaenda. Akaufungua ukumbi.

Siku ya harusi Mama Sikudhani na dada zake walisimama barazani wakiuvuta mlango kwa vigelegele, na Mzee Mbelwa akaingia ametanua mabega. Ngoma zikaanza. Kumbe darini mlikuwa na nyuki, wamejikalia miaka na miaka, na ngoma ziliwachukiza. Waliposhuka, harusi iligeuka mbio. Watu wote waliukimbilia mlango kwa pamoja. Wa kwanza kufika hakuwa na haja ya kuvuta kitu. Aliuegemea tu, ukampisha, na watu wakamwagika uwanjani. Hakukanyagwa mtoto wala ajuza. Shemweta alizunguka akimtafuta bintiye, akamwona yuko peku, kashikwa mkono na mumewe, anacheka. Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuyaficha.

Mzee Mbelwa alimjia na mdomo umevimba kwa mwiba wa nyuki. "Mkwe," alisema kwa taabu, "mlango wa jana haumtoi mgeni wa leo." Watu wakaangua kicheko kwa jinsi alivyoitamka, kisha wakairudia wenyewe, na pilau ikaliwa nje, tena ikatosha.

Mwaka uliofuata Shemweta alikaa mstari wa mbele darasani, na swali lake la kwanza lilihusu dari.

Sasa mrudieni mwenzenu, mkamwambie vizuri, bila kumcheka. Ule mlango wa mninga haukuwa mbaya. Ulikuwa mlango mwema wa siku zake, na fundi wake alikuwa fundi kweli. Ndiyo maana wazee hawakusema mlango mbovu. Walisema: mlango wa jana haumtoi mgeni wa leo.