Zimwi Lililovuliwa Kichwa

Sogeeni, na anayesinzia aamshwe. Leo sina sungura wala fisi. Nina zimwi lililovaa kandambili.

Hapo Morogoro aliishi Bi Saumu na mwanawe wa pekee, Hamduni, kijana wa kamera moja na hamu ya kuchekesha nchi nzima. Hamduni akawakusanya rafiki zake watatu watengeneze filamu ya zimwi. Tunu alijaliwa mkono wa kushona, ila kupima hapimi. Shomvi alijaliwa kicheko, nacho humjia hata msibani. Kejo alijaliwa subira ya kuunga picha kwenye kompyuta, tena hatupi kitu.

Filamu haijaisha, homa ikamchukua Hamduni kwa siku tatu tu. Bi Saumu hakulia. Chozi liligoma, na chakula nacho hakikupita. Uji aliutazama mpaka ukaganda. Majirani wakanong'ona, "Huyu atamfuata mwanawe." Niwaambie ukweli, ndicho alichokitaka.

Siku ya arobaini, baada ya khitma, wale watatu wakamwekea filamu hivyo hivyo, haijaisha. Lo, kioja gani kile! Zimwi la magunia, zipu mgongoni, mkia umefungwa kwa kamba ya chandarua! Wageni walishika mbavu. Bi Saumu alikodoa macho tu.

Mara zimwi likatoka mtoni kumfukuza Shomvi. Shomvi alitakiwa akimbie, lakini kicheko kikamshinda, akalivamia na kulishika pembe. Kichwa, ambacho Tunu alikishona kwa kukadiria, kikachomoka. Ndani yumo Hamduni, jasho tupu, anacheka.

"Shomvi, kimbia bwana! Mama ameniwekea ugali!"

Kipande hicho kila mtu alimwambia Kejo akikate, hata Hamduni mwenyewe. Kejo alikataa katakata.

Bi Saumu akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio cha siku arobaini, mpaka kanga ikalowa. Alipotulia akasema, "Nileteeni ugali." Akala.

Ikafika saa ya kugawa vitu vya marehemu. Nguo ziligawika. Kamera ilikuwa moja, na asiyeipata hataimalizia filamu ya rafiki yake.

"Nitampa aliyenirudishia mwanangu," alisema Bi Saumu.

"Kichwa kingemkaa vizuri, mama, ungemwona wapi?" Tunu akasema, machozi yakimtoka.

"Na mimi ningekimbia je?" akauliza Shomvi. Siku hiyo hakucheka.

Kejo naye akauliza, "Na mimi ningekikata kile kipande je, mama?"

Bi Saumu akaipakata kamera. Alijua akimpa mmoja, wawili watafiwa mara ya pili.

Haya, msinitumbulie macho mimi, yangu ni kusimulia tu. Kamera bado iko mapajani mwake. Je, wewe ungekuwa mama yake Hamduni, ungempa nani?